Tela la Mhina na Vyungu vya Mwanaidi

Mhina hajawahi kuvunja ahadi ya mtu wala mfupa wake mwenyewe, ingawa amepanda pikipiki miaka mingi na njia zetu anayezijua anazijua. Alichokuwa akivunja ni vyungu. Alivunja vyungu vya mkewe, Mwanaidi, kwa upole na bila kukosa, kila siku ya gulio, kisha akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyekuwa anasaidia.

Kabla sijaendelea kumsema, niseme mimi ni nani hata nikapata ruhusa hiyo. Naitwa Bonaventura, Mnyamwezi. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, mkataba ukaisha, akapima umbali wa Tabora na utamu wa mihogo ya hapa, akabaki. Mhina ni Mzigua wa Handeni aliyekuja kufuata shamba upande huu wa Mnyuzi. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo nina haki ya kumsema Mhina akiwa mzima, akiwa mgonjwa, na hasa siku ya msiba wake, ambapo nitajilaza mlangoni na kudai kuku ndipo niruhusu atolewe nje. Naye ana haki hiyo hiyo kwangu. Yeye ni wa msikitini na mimi ni wa kanisani, lakini kwenye utani hatujawahi kuulizana dini.

Sasa Mwanaidi. Huyu simtanii sana, kwa sababu nakula kwake. Alifundishwa kufinyanga na mama yake huko Handeni, na mikono yake haijasahau. Huchimba udongo kando ya mto, akautwanga, akauchekecha, akauponda kwa maji mpaka ukubali, kisha akaukalisha mbele yake na kuuzunguka yeye mwenyewe, ameinama, mpaka chungu kinasimama. Vyungu vyake ni vyembamba na vyepesi, na maharage yakipikwa humo yana ladha ambayo sufuria haiijui. Mke wangu, Rosa, ana chungu kimoja cha Mwanaidi, na siku akipikia sufuria mimi hujua amekasirika.

Tatizo lilikuwa kuvifikisha Old Korogwe kwenye gulio. Mhina alifunga matenga mawili nyuma ya pikipiki, huku na huku, akavipanga vyungu ndani kwa majani makavu ya migomba. Njia yote alikwenda kama amebeba mtoto mchanga. Halafu alifika kwenye kivuko cha reli. Pale reli zimepanda juu na udongo umeshuka chini, na hata uende taratibu namna gani, pikipiki inaruka, inatua, na kwenye tenga kunasikika mlio mmoja mfupi. Mwanaidi, aliyekuwa amekaa nyuma ya mumewe akiwa amekumbatia chungu kikubwa kuliko vyote, alifumba macho. Mhina alisema bila kugeuka, "Kimoja tu." Hakikuwa kimoja hata siku moja.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na nyumbani kwa Mhina hilo halikuwa fumbo. Kuku walinyweshwa gaeni, makaa yalibebwa gaeni, na mimi mwenyewe nimewahi kukaribishwa kisamvu gaeni, nikala.

Siku moja Mwanaidi alirudi kutoka gulioni, akakaa barazani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Yusra, vyungu nitakavyovichoma sasa ndivyo vya mwisho. Vikifika vizima vikauzwa, sawa. Visipouzwa, udongo uliobaki naurudisha mtoni. Nitakaanga vitumbua kama wenzangu."

Hakugombeza, na hicho ndicho kilichomtisha Mhina. Mwanamke akigombeza, kuna nafasi ya kujitetea. Yusra, binti yao, ameolewa Mombo na udongo hataki hata kuusikia, anasema unaharibu kucha. Mwanaidi akiacha, basi kazi ya mama yake imeishia hapo.

Mhina alikuja kwangu jioni ile akapiga hodi bila kunitukana. Nikajua mambo ni mazito.

"Mnyamwezi," alisema, "nisaidie kufikiri."

"Akili zimekwisha, umekuja kuazima?"

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama mikono yake, akasema, "Anafinyanga wiki nzima, mimi namvunjia kwa dakika moja. Kila gulio. Bonaventura, mimi ndiye ninayemvunjia."

Aliponiita kwa jina langu la ubatizo niliacha utani. Ndipo akanieleza alichokuwa akikiwaza: tela. Tela dogo la kuvutwa na pikipiki, la magurudumu mawili, ambalo mzigo wake hautikisiki. Alilichora chini kwa kijiti. Lilifanana na mbuzi aliyekatwa kichwa, lakini nilimwambia ni zuri.

Magurudumu yalikuwa ya bajaji iliyokufa. Chuma alichomelewa na Godfrey, fundi wa mjini, ambaye kila Mhina alipofika aliuliza kama safari hii amekuja na wazo lile lile au jingine. Mara ya kwanza waliufunga mkono wa kuvutia juu kabisa, kwenye keria. Tulipopakia mawe ya kujaribia, gurudumu la mbele la pikipiki lilipaa, pikipiki ikasimama kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayefuata majani ya mti, na Mhina bado yuko juu yake, ameshika usukani, anatazama mawingu. Wakaushusha mkono hadi usawa wa ekseli. Mara ya pili mzigo ulikaa nyuma mno, tela likawa linacheza mkiani kama mlevi anayetafuta kwao. Wakaisogeza ekseli. Mara ya tatu lilinyooka vizuri, ila lilipofika relini mawe yalirukaruka kama bisi.

Hapo ndipo Mhina aliponishangaza, na sipendi kushangazwa na Mzigua. Alirudi nyumbani akalala kwenye kitanda chake cha kamba, akajigeuza, kitanda kikabonyea na kurudi. Akaamka. Alitafuta mipira ya ndani ya matairi, akaikata mishipi, akaiwamba kwenye fremu ya tela kama mtu anavyowamba kitanda, akaivuta mpaka ikalia ukiipiga kwa kidole. Juu ya kitanda hicho cha mpira ndipo sanduku la vyungu lingekaa. Tulijaribu kwa mayai ya Rosa. Moja tu ndilo lililopasuka, na lile nililikalia mimi.

Likabaki sanduku lenyewe. Mhina alikwenda kwa Sufiani, seremala wetu, mtu mwaminifu na asiyependa maswali. Alimweleza anachotaka: liwe refu na jembamba, maana vyungu vinakaa mstari mmoja visigongane, liwe na mbavu fupi, chini liwe na fito zenye nafasi, na liwe na vishikio vinne, viwili mbele na viwili nyuma, ili pakiwa pabaya watu walinyanyue kutoka kwenye tela walivushe kwa mikono. Zaidi ya yote, kilichowekwa ndani kisitikisike.

Sufiani alisikiliza, akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Hiyo kazi naijua," alisema.

Aliijua kweli. Ndiye aliyetengeneza jeneza la msikiti, lile linalosubiri ukutani na ambalo limewabeba wazee wote wa msikitini. Mikono yake ilienda ilikozoea kwenda. Na kwa kuwa alikuwa na rangi ya kijani iliyobaki msikitini walipopaka madirisha, akaona isiozee kwenye kopo.

Mhina alilificha tela kwa Sufiani, asilione Mwanaidi mpaka siku yenyewe. Mimi niliitwa asubuhi ya gulio kusaidia kupakia. Mwanaidi alikuwa amekwisha kutangulia kwa gari kwenda kushika nafasi. Alisema hataki kuwapo relini kusikia ule mlio. Vyungu alikuwa ameviacha barazani, vimepangwa, vyekundu, na mstari wa nukta shingoni. Mhina akaja akilivuta tela. Nililitazama. Nilizunguka upande wa pili nikalitazama tena.

"Mzigua," nikasema, "umetengeneza jeneza."

"Na wewe ulitengenezwa kwa masalia ya kinu," alijibu, akaanza kupanga vyungu na kuvifunika kwa majani ya migomba.

"Nasema kweli. Hili ni jeneza. Lina hata rangi."

"Wivu mbaya."

"Naapa kwa Bikira Maria."

Alicheka mpaka akakohoa. Hiyo ndiyo adhabu ya utani. Miaka yote hiyo nimemwambia uongo akaupokea kwa furaha, na siku niliyomletea ukweli akaupokea vilevile. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na Mhina alikuwa na kidonda chake kipya, amekipaka rangi ya kijani, na hakuna ambacho angesikia. Nikapanda nyuma yake tukaondoka.

Tulipotoka tu kijijini, mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alisogea pembeni, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Umeona?" Mhina alinong'ona. "Watu wanatambua kazi."

Akinamama waliokuwa wakiteka maji waliweka ndoo chini. Lori la mchanga lilitupisha, na dereva akazima redio. Mhina alimpungia mkono. Dereva alitazama mkono ule kwa mshangao mkubwa, kwa sababu si kawaida ya mfiwa kupungia watu akiwa anachekelea. Mimi nilijificha nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa nacheka, na nilikuwa naona vibaya, yote mawili kwa pamoja.

Relini palikuwa na wanaume wanasubiri gari. Mhina aliposimama na kuniambia nishuke tulinyanyue sanduku, hatukupata hata nafasi. Wanaume wale waliona, wakaacha mizigo yao, wakaja mbio, wakashika vishikio vyote vinne, wengine wakaweka bega chini, kwa maana kumsindikiza maiti ni thawabu na hakuna anayetaka kuikosa. Walilivusha sanduku lile juu ya reli kwa hatua fupi fupi, wakitamka shahada, taratibu kuliko ambavyo kitu chochote kimewahi kuvuka reli ile. Halikugonga kitu. Mhina alikuwa na machozi machoni.

"Mungu awalipe," alisema. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee aliyekuwa mbele, akimshika bega. "Poleni sana. Ni nani?"

"Ni vyungu," alisema Mhina.

Mzee alimtazama. Akainua jani la mgomba kwa ncha ya kidole. Kisha akalirudisha kama lilivyokuwa, akajipangusa mikono kwenye kanzu, akaondoka bila kuaga. Wenzake walimfuata. Mhina aligeuka kunitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile aliona kwamba sicheki.

"Ni jeneza," alisema polepole.

"Nilikwambia."

"Uliniambia wewe."

Kurudi hatukuweza, Mwanaidi alikuwa anasubiri. Tukaendelea, Mhina kainamisha kichwa, na sasa watu walipotupisha walidhani mfiwa amezidiwa.

Gulioni habari ilikuwa imetangulia. Wale wa relini walikuwa wamepata gari. Mwanaidi alisimama alipotuona. Alilitazama sanduku, akamtazama mumewe, akavitoa vyungu kimoja kimoja akivigonga kwa kidole na kusikiliza. Vyote vilijibu. Hakikuwapo hata kimoja chenye ufa. Miaka yote hii, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na uso wake ulianza kufunguka.

Halafu tukakaa, na hakuna aliyenunua.

Walikuja, wakatazama vyungu, wakatazama sanduku la kijani lililoegeshwa nyuma, wakasema "tutarudi." Mwanamke mmoja kutoka Mazinde alikwisha kukibeba chungu, jirani yake akamwambia kitu sikioni, akakirudisha chini kana kwamba kina moto. Nani atapikia wanawe chungu kilichofika mjini ndani ya jeneza? Mhina alikwenda kulifunika sanduku kwa kanga ya Mwanaidi, na likawa jeneza lililofunikwa. Mwanaidi alikaa kwenye kigoda chake na mikono mapajani. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anavitazama vile vyungu vizima, na niliona wazi anaviaga.

Niliumia. Nasema hivyo waziwazi, ingawa Mhina akisoma hapa atanitania mpaka nife. Niliumia kwa ajili ya mwanamke yule, na kwa ajili ya Mzigua wangu aliyekuwa amesimama nyuma yake hajui mikono aiweke wapi. Nikawaza: jeneza likishaogopwa, nani huruhusiwa kulichezea? Msibani wafiwa wanalia, majirani wananong'ona, na mtu mmoja tu, mtani, ana ruhusa ya kulala kaburini na kudai chakula.

Nikavua viatu. Nikaondoa kanga. Nikaingia ndani ya sanduku, nikajinyoosha, nikafumba macho.

Watu waliacha walichokuwa wakifanya, wakasogea. Sauti ya mwanamke iliuliza, "Huyo naye vipi?"

"Nimekufa," nilisema. "Mzigua ameniua kwa njaa. Anatembeza vyungu mji mzima, hajanipikia hata maharage."

Kuna mtu alicheka mbali, kisha akajizuia. Wote walikuwa wanamtazama Mwanaidi, maana msiba ulikuwa wake. Yeye akikasirika, mimi ni mpumbavu aliyelala kwenye sanduku. Nilifungua jicho moja. Mwanaidi alikuwa ameinuka. Alikuja taratibu, akachukua kanga yake, akajitanda kichwani, akakaa chini upande wa kichwa changu. Akaanza kuniomboleza.

"Uuwi, shemeji yangu Bonaventura," alilia, kwa sauti ile ya kweli ya msibani, "nani atatumalizia ukoko? Nani atakuja kutusalimia kila chakula kikiiva? Ulikwenda harusini Handeni ukala, wakakuosha mikono, ukala tena. Ewe Mnyamwezi, babu yako alikuja kukata mkonge, wewe umekata nini zaidi ya minofu?"

Hapo soko lilipasuka. Wapo waliokaa chini kwa kucheka. Wazigua waliokuwapo walikuja kuongeza maombolezo yao, na Wanyamwezi wa kambi za zamani za mkonge wakaja kunitetea, wakidai fidia ya ng'ombe. Mama Munira, anayepikia watu chakula pale gulioni, alipiga kelele kwamba maiti mwenye njaa ni mkosi sokoni kwake. Akachukua chungu kimoja cha Mwanaidi, akamimina humo maharage yake yaliyokuwa motoni, akaniletea. Nilikaa ndani ya jeneza nikala, mbele ya watu wote, mpaka nikafikia chini ya chungu na kukilamba. Maiti akishalamba chungu, sanduku lake ni sanduku tu.

"Hiki sirudishi," Mama Munira alimwambia Mwanaidi, akikipokea. "Maharage yamebadilika ladha. Nitolee na kile kikubwa."

Baada yake alikuja yule mwanamke wa Mazinde.

Jua lilipoanza kushuka hakikuwa kimebaki chungu. Mwanaidi aliuliza angerudi vipi, na Mhina, kwa aibu, akalionyesha sanduku. Aliingia, akakaa juu ya majani ya migomba, akashika kingo kwa mikono miwili. Mimi nilipanda nyuma ya Mhina, tukaenda mpaka relini. Hapo Mhina alipunguza mwendo, akasimama, akashuka.

"Vuka tu, Baba Yusra," alisema Mwanaidi. "Leo hakuna cha kuvunjika."

"Upo wewe," alisema Mhina.

Alishika vishikio vya mbele, akaniambia nishike vya nyuma. Tukamvusha hatua kwa hatua, Mwanaidi amekaa katikati amefunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, sikujua kama ni kicheko. Mwanaidi si mwepesi, na hilo naliandika nikiwa mtani wa nyumba, sina wa kumwogopa. Tulipomweka chini upande wa pili Mhina alikuwa anahema, lakini alirudia kukagua mipira kama imekaa sawa kabla ya kuwasha pikipiki.

Kesho yake asubuhi nilipitia kwao kudai kuku wangu, maana maiti halali tu bure. Mhina alikuwa ameshika msumeno, anataka kukata vile vishikio. Mwanaidi alimwambia aviache. Alikuwa ameinama mbele ya udongo mbichi, anauzunguka.